Jina Likitumwa Mbali Bila Mlinzi: Funzo la Chuo Kikuu cha Wales

Mwaka 1893 watu wa Wales, nchi ndogo iliyo sehemu ya Uingereza, walipata chuo kikuu chao wenyewe. Kabla ya hapo vijana waliosoma katika vyuo vya Aberystwyth, Cardiff na Bangor walifanya mitihani ya Chuo Kikuu cha London ili watunukiwe shahada. Chuo cha Aberystwyth, kilichofunguliwa mwaka 1872, kilitunzwa kwa michango ya watu wa kawaida waliotoa kidogo walichokuwa nacho. Shahada iliyobeba jina la Wales ilikuwa na jasho la wengi ndani yake.

Oktoba 2011 Chuo Kikuu cha Wales kilitangaza kwamba kinaacha kuidhinisha shahada zinazofundishwa na vyuo vingine, kazi ambayo kufikia wakati huo ndiyo iliyokuwa uhai wake. Kabla mwezi haujaisha ikawa wazi kwamba chenyewe kitaingizwa ndani ya taasisi nyingine. Hakuna vita vilivyokiangusha, wala hakikukosa wanafunzi. Kiliponzwa na shahada zilizotolewa kwa jina lake katika nchi za mbali, bila chenyewe kujua vya kutosha ni nani anayefundisha, anafundisha nini, na kwa ruhusa ya nani.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vinaingia ubia na vyuo vya nje kila mwaka, na wazazi wetu wanalipa ada kwa ahadi za ubia huo. Waliokaa katika kamati za Chuo Kikuu cha Wales walikuwa wasomi, wengi wao watu waadilifu. Kama wao walijikwaa, sioni ni kipi kingeniokoa mimi au wewe tukiwekwa kwenye viti vyao.

Tuanze na utaratibu wenyewe, maana ndani yake ndimo makosa yalimojificha. Kwa miongo mingi Chuo Kikuu cha Wales kilikuwa mwavuli wa vyuo vya ndani ya nchi. Vyuo vilifundisha, chuo kikuu kikatunuku. Pamoja na hayo, kilikuwa na kazi ya pembeni: kuidhinisha programu za vyuo visivyokuwa na mamlaka ya kutoa shahada. Chuo mwenza huandaa mtaala wake. Chuo kikuu hupeleka wataalamu wakaukague, huteua mtu wa kufuatilia na watahini wa nje wa kupitia mitihani, kisha mwisho wa masomo mwanafunzi hupata cheti chenye nembo ya Wales. Chuo mwenza hulipa kwa huduma hiyo. Mwanafunzi anaweza kumaliza masomo yote bila kukanyaga Wales hata mara moja.

Mambo yakabadilika nyumbani. Mwaka 2004 Cardiff, chuo kikubwa kuliko vyote chini ya mwavuli ule, kilijitoa. Mwaka 2007 mfumo wa mwavuli ukavunjwa, na vyuo vikubwa vilivyobaki vikawa vyuo vikuu kamili vinavyojitegemea, kimoja baada ya kingine vikageukia kutoa shahada zake vyenyewe. Kazi ya pembeni ikageuka kuwa kazi kuu. Kufikia mwaka 2010 chuo kikuu hiki kilikuwa kikiidhinisha programu katika taasisi zaidi ya 100, ndani ya nchi zipatazo 30, zenye wanafunzi wapatao 20,000. Watoto wa nyumbani walikuwa wameondoka, na jina likawa linaishi kwa wageni.

Hapo palikuwa na dalili ya kwanza, na ilionekana na kila mtu. Taasisi inayoishi kwa malipo ya washirika wake hupata shida kuwakatalia. Kila ubia mpya unaongeza mapato, na kila ukaguzi mkali unaongeza gharama, na pengine unafukuza mshirika anayelipa vizuri. Kwa hali hiyo hakuna haja ya kumtafuta mla rushwa. Inatosha watu wema waendelee kusema, kikao baada ya kikao, kwamba mshirika huyu tutamwangalia vizuri zaidi mwaka ujao. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Jina jema nalo ni mali, na daftari lake ni ukaguzi.

Novemba 2010 kipindi cha uchunguzi cha BBC ya Wales kilitangaza yale kiliyoyakuta. Huko Kuala Lumpur, Malaysia, kulikuwa na chuo kilichofundisha programu za Wales ambacho mkuu wake alikuwa mwimbaji mashuhuri wa nchi hiyo. Waandishi waliripoti kwamba shahada za juu alizojinadi nazo hazikuwa halali. Huko Bangkok, Thailand, chuo kingine kilikuwa kikiendesha programu za shahada za Wales, huku mamlaka za nchi hiyo zikisema kinafanya hivyo kinyume cha sheria.

Tusipite haraka hapa. Sifa za kitaaluma za mkuu wa chuo ni miongoni mwa vitu rahisi kabisa kuvihakiki. Unaandika barua kwa taasisi iliyotoa shahada, unauliza kama inamtambua mtu huyo. Unauliza pia nani anaitambua taasisi yenyewe. Ruhusa ya chuo kufanya kazi nchini mwake nayo huulizwa kwa barua, safari hii kwa wizara. Maswali haya mawili hayahitaji profesa wala mtaalamu wa mitaala; karani makini anaweza kuyamaliza. Lakini programu zilipitishwa, wanafunzi wakasajiliwa, na majibu yakaja kujulikana kupitia televisheni. Hiyo ndiyo dalili ya pili: walikagua mambo makubwa, silabasi na orodha za vitabu, wakaacha madogo ambayo kila kitu kilisimama juu yake.

Shirika la Uingereza la kusimamia ubora wa elimu ya juu, linalojulikana kwa kifupi chake QAA, lilichunguza suala hilo, na taarifa yake ya mwaka 2011 ililaumu namna chuo kikuu kilivyowapima washirika wake kabla ya kuwapokea. Waziri wa elimu wa Wales wakati huo, Leighton Andrews, alisema hadharani kwamba sifa ya elimu ya nchi nzima imeumizwa. Chuo kikuu kikaahidi kupitia upya mikataba yake na kukaza taratibu.

Ahadi ikaja imechelewa. Oktoba 2011 waandishi walewale wa BBC waliibuka na habari nyingine, safari hii kutoka London, ndani ya Uingereza yenyewe. Katika chuo kimoja binafsi chenye uhusiano na Wales, walirekodi kwa siri jinsi wanafunzi wa kigeni walivyokuwa wakisaidiwa kudanganya katika mitihani na kupewa mbinu za kuwahadaa maofisa wa uhamiaji wapate viza. Mwezi huohuo chuo kikuu kikatangaza kuacha kuidhinisha programu za wengine, kwamba tangu sasa kitatunuku shahada zile tu kilizozibuni na kuzisimamia chenyewe. Wakuu wa vyuo vikuu vingine vya Wales walitaka kifutwe kabisa. Mwenyekiti wa baraza lake akajiuzulu. Mwishowe ikaamuliwa kiunganishwe na Chuo Kikuu cha Wales Trinity Saint David, na zaidi ya karne moja ya kutoa shahada kama chuo kikuu cha taifa ikafikia ukingoni.

Walioumia zaidi hawakuwa wakubwa. Walikuwa wanafunzi waliosoma kwa haki katika vyuo vizuri vilivyokuwemo ndani ya mtandao ule, kwa maana vyuo vizuri vilikuwemo. Mwanafunzi aliyefundishwa sawasawa, akafanya mtihani wake bila kuangalizia, alijikuta ameshika cheti chenye jina linalotajwa kwenye habari za udanganyifu. Vyeti vyao havikufutwa, na waliokuwa katikati ya masomo waliruhusiwa kumaliza. Lakini mwajiri anaposoma jina kwenye karatasi hawezi kutofautisha chuo safi na chuo kichafu ikiwa vyote vimepigwa muhuri mmoja. Vyuo safi navyo vikalazimika kutafuta mshirika mpya.

Dalili ya tatu inanisikitisha kuliko zote, kwa kuwa ilikuwa imeandikwa. Uingereza ilishapata onyo la namna hii katika miaka ya 1990, pale wakaguzi wa hesabu za serikali walipochunguza namna taasisi ya elimu ya juu ya Southampton ilivyoendesha shughuli zake nje ya nchi. QAA ilianzishwa mwaka 1997, na mwaka 1999 ikatoa mwongozo wa programu zinazoendeshwa kwa ushirikiano, kisha ikaufanyia marekebisho mwaka 2004. Kiini chake hakina utata: anayetunuku shahada ndiye anayebeba dhamana ya viwango vyake, popote inapofundishwa na yeyote anayeifundisha. Mwaka 2005 UNESCO na OECD nao wakatoa miongozo ya elimu ya juu inayovuka mipaka, wakiwasihi wanaotoa na wanaopokea elimu hiyo washirikiane na mamlaka za ubora za pande zote mbili. Kwa hiyo Wales haikukosa sheria wala maarifa. Miongozo ilikuwa kwenye makabati.

Ni nani basi alipaswa kuona? Fikiria chuo kile cha Bangkok. Mzazi wa Thailand anaona nembo ya chuo kikuu cha Uingereza, anatulia: Waingereza wamekagua. QAA iko maelfu ya kilomita mbali, na jukumu lake ni kuiangalia Wales, siyo kuzunguka kila chuo cha Asia. Wales inaamini taarifa inazoletewa na mshirika. Mshirika anaonyesha barua ya Wales kama kinga. Kila mmoja ameegemea macho ya mwenzake, na mwisho hakuna aliyetazama. Ukiniuliza ni wapi hasa programu za kuvuka mipaka huharibikia, nitakuonyesha hapo: katikati ya mamlaka mbili, kila moja ikidhani nyingine ndiyo iliyokagua.

Nisieleweke vibaya, kwamba shahada ya kushirikiana ni jambo baya. Sisi wenyewe tumelelewa nayo. Makerere iliingia uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na wahitimu wake wakatunukiwa shahada za London. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 nacho kilianza chini ya London. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, shahada moja kwa nchi tatu, mpaka mwaka 1970 kila nchi ilipobaki na chuo kikuu chake. Shahada zile ziliheshimiwa. Wahitimu wake wakawa madaktari, mahakimu, waandishi na viongozi wa nchi zetu.

Tofauti ilikuwa wapi? London haikutoa jina lake ikakaa kungoja malipo. Mitaala ilijadiliwa na pande zote mbili, na mitihani ilipitia mikononi mwa watahini wa London wakishirikiana na walimu wa huku. Kulikuwa na kasoro zake, na wasomi wetu walizilalamikia: mtaala ulitazama sana Ulaya, na maamuzi mengi yalifanywa mbali. Lakini hakuna aliyekuwa na shaka kuhusu nani alisoma mtihani wa mwanafunzi na nani aliweka sahihi.

Leo mambo ni mengi zaidi. Vyuo vikuu vya Kenya vimewahi kufungua matawi Arusha na Kigali. Chuo cha Uganda kimeota mizizi Dar es Salaam. Vyuo vya India, Malaysia na Ulaya vinatangaza shahada zao kwetu kwa njia ya mtandao na kwa njia ya mawakala wenye ofisi mjini. Kwa upande wa taratibu, hatuko mikono mitupu. Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kenya ina Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Juu yao lipo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1980 na lenye makao yake Kampala, ambalo limeandaa vitabu vya mwongozo wa udhibiti ubora na mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza ukanda huu kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili mwanafunzi na cheti chake wavuke mpaka bila vikwazo visivyo na maana. Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 2014, unaohusu kutambuana kwa vyeti barani Afrika, ulianza kutumika Desemba 2019.

Haya ni mazuri, na yanastahili pongezi. Ila kumbuka kwamba Wales nayo ilikuwa na mwongozo. Mpaka ukifunguliwa, cheti huvuka siku hiyohiyo. Ukaguzi hauvuki wenyewe. Lazima kuwe na mtu wa kuuvusha, mwenye bajeti ya safari, muda wa kukaa darasani na ujasiri wa kuandika taarifa isiyopendeza. Tukifungua mipaka kwa vyeti na kuwanyima wakaguzi wetu nauli, tutakuwa tunaandaa kisa kama hiki kwa majina yetu wenyewe.

Kwa wenzangu walio katika seneti na mabaraza ya vyuo, nawasihi tujifunze kuuliza maswali madogo kabla ya makubwa. Mkuu wa chuo tunachoingia nacho ubia alisoma wapi, na nani amethibitisha kwa maandishi? Mamlaka ya nchi yake inakitambua, na barua yake iko wapi? Nani anatunga mtihani, nani anausahihisha, na karatasi za majibu zinahifadhiwa wapi? Mara ya mwisho mtu wetu alikwenda lini, na alikwenda bila kutoa taarifa au alipokelewa kwa zulia na chakula cha mchana? Mshirika akivunja masharti, tunajua tutawapeleka wapi wanafunzi wake? Mkataba usiojibu swali hili la mwisho haufai kusainiwa, hata kama ada yake inavutia.

Tujiulize pia kuhusu fedha, maana ndipo dalili ya kwanza ilipoanzia. Ikiwa idara ya ubia inahesabiwa mafanikio yake kwa idadi ya mikataba, na mkaguzi wa ubora yuko chini ya mkurugenzi huyohuyo anayetafuta mapato, mkaguzi huyo hana meno. Mtenganisheni. Aripoti kwa baraza moja kwa moja, na awe na haki ya kusimamisha udahili bila kuomba ruhusa ya mtu anayenufaika nao. Na idadi ya washirika isizidi idadi ambayo tunaweza kuitembelea. Chuo chenye watu watatu katika kitengo cha ubora hakiwezi kusimamia vyuo ishirini ng'ambo, hata watatu hao wakiwa malaika.

Kwa mzazi na mwanafunzi, najua jinsi moyo unavyokuwa. Mtoto amepata nafasi, wakala anaharakisha, bei inaelezwa kuwa ni ya wiki hii tu, na nembo ya chuo cha Ulaya inang'aa kwenye kipeperushi. Mimi ningekuwa mahali pako, haraka hiyohiyo ingenipata. Basi tujiwekee kanuni kabla ya siku hiyo kufika. Uliza mamlaka ya nchi ambamo masomo yatafanyika kama programu hiyo, siyo chuo peke yake, ina ithibati. Uliza pia mamlaka ya nchi yako kama itaitambua shahada hiyo ukirudi. Kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje, TCU hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kabla ya safari. Itafute kabla ya kulipa ada. Na kama masomo yanafundishwa na chuo kimoja na cheti kinatolewa na kingine, andika kwa hicho kinachotoa cheti, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, uulize kama kinakijua kile kinachofundisha, na ubia wao ni wa mpaka lini. Wakala akikasirika kwa sababu umeuliza, hasira yake imeshakujibu.

Kwa mamlaka zetu za ubora, nawaomba msiishie kwenye orodha za vyuo vinavyotambuliwa. Wekeni wazi pia orodha ya programu za pamoja: nani anafundisha, nani anatunuku, kibali kinaisha lini. Kila mtu aione bure. Na pale chuo cha nchi moja kinapofundisha katika nchi nyingine, mamlaka mbili ziende kukagua pamoja, ziketi meza moja, zitie sahihi taarifa moja. Zikifanya hivyo, hakuna atakayepata nafasi ya kusema alidhani mwenzake ameangalia.

Chuo Kikuu cha Wales kilijengwa kwa michango ya watu wengi, na kilidhoofika kwa sababu ya maswali machache ambayo hayakuulizwa kwa wakati. Majibu yake yalikuwa karibu. Waandishi wa habari waliyapata. Anayeweka jina lake kwenye shahada ndiye mdaiwa wa kila mwanafunzi anayeipokea, awe Cardiff au Bangkok, Kampala au Kigoma. Asiyeweza kwenda kuona kinachofundishwa kwa jina lake, asilitoe jina hilo.